Masala ya Gumba la Pili, na Amana ya Baba juu ya Mkono wa Mwanawe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye amsawiriye mwanadamu tumboni mwa mamake kwa sura aipendayo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: na akadiriwe mtu mmoja wa Gonja, chini ya milima ya Upare upande wa mashariki, katika wilaya ya Same. Mwenyezi Mungu amemruzuku mtoto mwanamume, mzima wa mwili, anyonyaye vyema na kulia kwa sauti. Ila katika mkono wake wa kulia gumba ni mawili, kila moja na ukucha wake, na shina lao ni moja. Siku ya saba amechinjiwa akika na kupewa jina, na baada ya pilau kuliwa yakaanza maneno. Bibi yake asema lifungwe uzi mpaka likauke lidondoke, kama alivyofungwa fulani zamani naye hakufa. Ami yake asema liachwe, kwani mwenye kidole cha ziada huwa tajiri. Mwalimu wa chuo asema ni haramu kuligusa, kwa kuwa ni kugeuza umbo la Mungu. Na muuguzi wa zahanati asema mtoto apelekwe Same, na kutoka Same apelekwe Moshi kwa madaktari wa mifupa. Baba amekaa katikati ya wanne hawa, na mwenye mkono hana ulimi wa kusema alitakalo.

Limetajwa jambo hili kwa jina la Upare, na hali gumba la pili huonekana Tanga na Lamu na Unguja vilevile, kwa sababu milima ile ina kumbukumbu nzito. Huko Mbaga, juu ya Same, liko jabali liitwalo Malameni. Yasimuliwa na Wapare wenyewe kwamba zamani mtoto aliyeonekana ana kasoro ya mwili, au dalili iliyodhaniwa kuwa mkosi kwa ukoo, alipandishwa jabali lile akaachwa huko, na kwamba mambo hayo hayakukoma mpaka miaka ya 1930. Asicheke mtu wa pwani aisomapo khabari hii. Waarabu katika siku za ujinga walikuwa wakiwafukia watoto wao wa kike wangali hai, na Sura ya At-Takwir yaonya kwamba siku ya Kiyama mtoto yule ataulizwa khabari ya kuuawa kwake. Na neno kigego, la mtoto atanguliaye kuota meno ya juu, li katika lugha ya pwani tangu zamani, wala halikuingia humo bure. Dini ilipowafikia watu wa Upare, kwa wasafiri wa njia ya misafara itokayo Pangani kwenda Kilimanjaro na kwa walimu waliokaa nao, iliwafikia watu waliokwisha kujiuliza mwili wa mtoto una maana gani. Basi jawabu wapewayo leo katika jambo la gumba isiwe dhana nyingine iliyovikwa kilemba.

Na aanzwe kwa yule mwalimu aliyesema haramu, kwani kauli yake ina asili, wala si haki kumdharau. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 119, imetajwa ahadi ya Ibilisi ya kuwaamrisha watu wapasue masikio ya wanyama na kuligeuza umbo la Mwenyezi Mungu. Imamu Tabari, aliyefariki mwaka 310 wa Hijra, alikuwa mkali katika mlango huu. Kadhi Iyadh, aliyefariki mwaka 544, akajenga juu ya kauli yake kwamba mwenye kuzaliwa na kidole cha ziada au kiungo cha ziada haimjuzii kukikata wala kuking'oa. Na Kurtubi akayanakili hayo katika tafsiri yake. Lakini ayasomaye maneno yale na ayasome mpaka mwisho, maana aghlabu ya wanaoyatumia huyakatia katikati. Wale wale waliokataza walikitoa katika katazo kiungo cha ziada kimtiacho mwenyewe maumivu, wakasema hapana ubaya kukiondoa. Kwa hiyo hata kwa wakali, katazo halikuwa juu ya kisu. Lilikuwa juu ya kukata pasipo haja. Wanazuoni wa Kihanafi nao walilitazama kwa upande mwingine, wakauliza wakatwao huwaje: ikiwa aghlabu yao hufa, na asikatwe, na ikiwa aghlabu yao hupona, pana wasaa. Na wako wafasiri wa kale waliosema kuwa umbo litajwalo katika aya ile ni dini yenyewe, si nyama na mifupa. Tena lau kila kugeuza mwili kungekuwa haramu, tohara isingeamriwa, na kitovu cha mtoto kisingekatwa.

Katika hadithi ya Ibn Masud wamelaaniwa wanawake wajichorao mwili kwa sindano na wajitengenezao mwanya wa meno kwa kutaka uzuri. Imamu Nawawi, katika sharhe yake ya Sahihi Muslim, alisimama hasa penye tamko hilo la kutaka uzuri, akabainisha kwamba lililoharimishwa ni litendwalo kwa ajili ya uzuri. Amma likihitajiwa kwa dawa, au kwa aibu iliyo katika jino, basi si vibaya. Na mashuhuri zaidi ni khabari ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab siku za ujinga. Alijitengenezea pua ya fedha ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha afanye ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Arfaja hakuwa mtu wa kuogopewa kufa. Alikuwa mtu mwenye kasoro usoni, na kasoro ile ilihesabiwa kuwa haja ya kutosha kumhalalishia lililokatazwa wengine.

Wako watakaosema: huyo alipungukiwa akarudishiwa, na mtoto wa Gonja hakupungukiwa, bali amezidishiwa. Hapa ndipo masala yote yalipo, na hapa baraza nyingi hupotea, kwa sababu waliokaa humo wanazungumza juu ya gumba bila ya kujua gumba hilo ni nini.

Fikihi yenyewe imekijua kidole cha ziada tangu zamani. Katika madhehebu ya Shafii, kikiwa katika kiungo kioshwacho katika udhu, ni wajibu kukiosha pamoja na vingine. Mtu akikikata kwa dhulma halipi ngamia kumi, ambayo ndiyo dia ya kidole cha asli, bali atalipa fidia akadiriayo hakimu. Na katika dia ya asli gumba na kidole cha mwisho ni sawasawa, kama ilivyo katika hadithi ya Ibn Abbas, ijapokuwa madaktari wa mikono hukadiria kwamba gumba peke yake lachukua kiasi cha 40 katika 100 ya kazi ya mkono mzima. Sharia haikuwapimia watu vidole vyao kwa kazi, isije ikawa mlango wa ugomvi. Lakini mpasuaji hana budi kuvipima kwa kazi, maana yeye hakadirii fidia. Yeye ataacha mkono utakaotumika miaka sitini.

Nao wapasuaji wasemaje? Wasema mkono wa mtoto hufanyika tumboni kati ya juma la 4 na la 8 la mimba, na kwamba katika siku hizo shina la gumba hugawanyika, aghlabu katika mkono mmoja tu, na mara nyingi pasipo baba wala babu aliyekuwa hivyo. Si chakula alichokula mama, wala si jicho la mtu. Mwaka 1969 daktari Wassel alizipanga hali za gumba hili kuwa aina 7, kwa kuangalia mahali mfupa ulipogawanyika, tangu ncha ya kidole mpaka shina lake. Na iliyo nyingi kuliko zote, karibu ya nusu, ni ile ambayo mifupa miwili imekaa juu ya kichwa kimoja cha mfupa wa kiganja. Na jambo lililo kubwa katika ilimu yao ni hili: katika mkono wa namna hii hapana gumba la asli lililosimama na jingine la ziada lililobandikwa pembeni. Ni gumba moja lililopasuka. Kila nusu ni nyembamba kuliko gumba la mkono wa pili, na kila nusu inacho isichokuwa nacho mwenzake. Ile ya ndani, iliyo upande wa kidole cha shahada, aghlabu ndiyo yenye kano imara zishikazo kiungo kisiteguke wakati wa kubana kitu; na ile ya nje mara nyingi ndiyo iliyoshikwa na misuli ya kiganja iliyoumbwa kuliinua gumba na kulielekeza mbele ya vidole vingine.

Yafahamike vyema hayo, kwani yote yajayo yametegemea hapo. Mwenye kuikata nusu ya nje akaitupa ameitupa pamoja nayo misuli ya kuinulia gumba na kano za upande ule, na lililobaki litainama kidogo kidogo kadiri mtoto akuavyo, mpaka liwe mfano wa herufi zeta, lisilobana wala kushika. Kwa ajili hiyo mpasuaji ajuaye kazi yake hakati akatupa. Huiondoa nusu moja, mara nyingi ya nje, lakini kwanza huzivua kano zake na misuli yake, akazihamishia nusu ibakiayo. Huchonga kichwa cha mfupa wa kiganja kilichokuwa kipana kwa kubeba viwili, ili kibebe kimoja. Hunyosha mfupa uliopinda. Kisha hutia waya mwembamba wa chuma ushike mahali pake, kiasi cha juma 4 mpaka 6, ndipo ukatolewa. Mfaransa Bilhaut alieleza mwaka 1889 njia nyingine, ya kuondoa nyama na mfupa wa katikati na kuziunganisha nusu mbili za nje ziwe kidole kimoja. Wapasuaji wa leo huitumia kwa nadra, kwa sababu ukucha hubaki na mfuo na kiungo huwa kikavu.

Wala asidhani mtu kwamba kulipambanua jambo hili kumetoka Ulaya. Abul-Kasim Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki karibu na mwaka 404 wa Hijra, sawa na 1013, aliandika At-Tasrif katika sehemu 30, na katika ile ya mwisho, iliyo ya kazi ya mkono, aliweka mlango wa vidole vya ziada. Humo alivitenga vilivyo nyama tupu, ambavyo kuvikata ni kwepesi, na vile viotavyo penye shina la kiungo, ambavyo alivihesabu kuwa vizito kutibiwa. Tabibu yule Mwislamu hakuwa na dawa ya kulaza watu kama ya leo, wala waya, wala picha ya mifupa; alijua tu kwamba vidole vya ziada si vya hukumu moja.

Basi likirudishwa hilo katika fikihi, lile neno la kuzidishiwa lapoteza nguvu zake. Mtoto wa Gonja hakuzidishiwa gumba. Amepungukiwa gumba moja zima, akapewa nusu mbili. Akizikusanya mpasuaji zikawa moja yenye kubana na kushika, amefanya jambo lililo karibu na pua ya Arfaja kuliko mwanya wa meno. Amma ami yake atajaye utajiri, jawabu lake ni fupi: riziki haikai katika ukucha.

Na haja yenyewe haina shaka. Katika nchi ya Same mkono wa kulia una kazi. Huko Mamba na Myamba watu hulima tangawizi, na mvunaji hushika kisu kidogo na kutoa mizizi. Ndungu ni mpunga, na mpunga hupandikizwa mche kwa mche kwa gumba na shahada. Na chuoni mtoto hushika kalamu, na nyumbani hufunga kifungo cha kanzu. Juu ya hayo iko aibu ya macho ya watu, ambayo wengine husema si haja. Lakini Minhaj ya Nawawi, isomwayo katika madarasa ya pwani kwa miaka mingi, katika mlango wa kutayamamu imemruhusu mtu kuacha maji akiogopa yatamwachia alama mbaya mno katika kiungo kionekanacho. Na mkono ni katika viungo vionekanavyo. Ikiwa sharia imeihesabu alama ya ngozi kuwa madhara hata nguzo ya udhu ikabadilishwa kwa ajili yake, vipi gumba lililopasuka lisihesabiwe kuwa kitu?

Imebaki nani mwenye idhini, na kwa sharti gani. Mtu mzima ni mwenye amri ya mwili wake, ndani ya mipaka aliyowekewa. Lakini mtoto mwili wake ni wake, si wa babake, na baba juu yake ni amini. Nawawi katika Minhaj amelieleza jambo hili penye khabari ya nyama iotayo mwilini, na kidole kilichozidi hukisiwa juu yake. Mtu aliye huru katika nafsi yake aruhusiwa kuikata, isipokuwa ikiwa kukata kwatisha na kuiacha hakutishi, au khatari ya kukata ni kubwa zaidi. Kwa mtoto, baba na babu mzaa baba waweza kuikata japo pana khatari, ikiwa khatari ya kuiacha imezidi. Na pasipo khatari waweza wao, na mtawala naye aweza. Ndiyo maana ya maneno yake kwa ufupi.

Na apime mwenye kupima. Gumba la pili haliui. Kuliacha hakuna khatari ya roho hata chembe. Kwa hiyo baba hana ruhusa ya kumtia mwanawe katika khatari ya roho kwa ajili yake. Ruhusa yake imesimama juu ya kukata ambako kwa kawaida khatari haiogopwi. Hapa swali la kidole limegeuka kuwa swali la mahali, na la mtu aliyeshika kisu. Kukata kule kule, kwa mtoto yule yule, kwaweza kuwa halali Moshi na haramu katika ua wa nyumba ya bibi yake.

Kwani uzi ni nini? Ni kisu kikatacho polepole. Desturi ya kufunga uzi yajulikana pwani na bara, na asili yake ni vile vidole vidogo vya nyama vining'iniavyo pembeni mwa kidole cha mwisho, ambavyo kwa watu wa Afrika huonekana mara nyingi zaidi kuliko gumba la pili. Hivyo havina mfupa, na vikidondoka aghlabu hubaki kinundu tu. Ingawa navyo vyaweza kuoza, au kuacha ncha ya mshipa wa fahamu iumayo kila iguswapo. Bibi aliyeona vile vikidondoka salama alikisia gumba juu yake, na kisi chake ni kisi chenye tofauti, kama wasemavyo watu wa usuli. Gumba lina mfupa, na kiungo, na damu nyingi. Uzi hukata nyama na kuacha mfupa; huingiza uchafu, na katika uchafu huo mna pepopunda; na ukifaulu kabisa, kufaulu kwake ni kuzipoteza zile kano na misuli ambazo mpasuaji angalizihamisha. Imo katika hadithi kwamba mwenye kujitia utabibu na hali hakujulikana kwa utabibu ni dhamini wa alichokiharibu. Bibi alikusudia kheri. Lakini kusudi jema halirudishi kano, wala haliondoi dhamana. Na wembe wa ngariba ni mfano wa uzi, ila wao wenda mbio.

Kutoka Same mjini hata Moshi ni kiasi cha kilomita 100 kwa njia ya lami. Huko iko hospitali kuu ya rufaa ya kaskazini, iitwayo KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye madaktari wa mifupa na watu waliosomea kulaza wagonjwa kwa dawa. Arusha nako iko nyumba iitwayo Plaster House, ambamo watoto wenye kasoro ya viungo hukaa kabla ya kupasuliwa na baada yake mpaka wapone, kwa sababu mtoto wa mlimani akirudishwa siku ya pili nyumbani, penye vumbi na mbali na daktari, kazi ya mpasuaji hupotea. Na baba asione haya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Na aulize: nani atamlaza mtoto, na je, amezoea kulaza watoto wadogo, na mpasuaji amepata kutengeneza magumba mangapi, na ni nusu ipi itabaki, na kwa nini. Tabibu mwema hakasirishwi na maswali hayo. Na yeye naye humchunguza mtoto mwili mzima, khasa moyo, kwa kuwa mara chache gumba lisilo la kawaida huwa pamoja na ila nyingine isiyoonekana kwa macho.

Wakati wake nao una neno. Wapasuaji wengi hupenda mtoto awe amefikia kiasi cha mwaka mmoja: mwili umepata nguvu ya kustahimili dawa ya usingizi, mifupa imekuwa mikubwa ya kushikika, na mkono haujazoea njia mbaya ya kushika. Kabla ya miezi sita si lazima kukimbilia, na baba aliyeambiwa angoje hakunyimwa kitu. Na aliyechelewa asikate tamaa, kwani hata mtoto wa miaka mitano au kumi hutengenezwa. Ila mkono wake utakuwa umejifunza kushika kombo, nao utafundishwa upya. Tena aambiwe kweli mapema: gumba litengenezwalo aghlabu huwa jembamba kidogo kuliko la mkono wa pili, huenda likakosa kukunjika sawasawa, na wako ambao hurudishwa kwa mpasuaji mara ya pili wanapokua. Mwenye kumwahidi baba kidole kama cha watu wote amemdanganya, hata akiwa daktari.

Wako wasemao, na maneno yao yana sura nzuri, kwamba mtoto aachwe mpaka abaleghe, kisha aamue mwenyewe juu ya mwili wake. Lau mkono ungesimama ukamngoja, rai hii ingekuwa na nguvu. Lakini mkono haungoji. Kiungo kilichopinda huzidi kupinda, na mtoto wa miaka miwili hushika kijiko kwa namna atakayokuwa nayo maisha yake. Baba aliyeacha hakujiepusha na hukumu. Amehukumu, ila hukumu yake haikuandikwa. Atakapoulizwa na mwanawe mwenye miaka ishirini kwa nini hakupelekwa Moshi, hatakuwa na jawabu kwa kusema alikuwa akiheshimu khiari yake.

Na iko sura ambayo baba akiacha hana lawama. Daktari akimwambia kwamba nusu mbili zaenda pamoja, zabana, zashika, wala hazielekei kupinda, au kwamba mtoto ana ugonjwa wa moyo uifanyao dawa ya usingizi kuwa ya kutisha, basi kuacha ndiko kuhifadhi amana, na haja ya macho ya watu peke yake haitoshi kuvuka khatari ile. Kadhalika kile kidole kidogo cha nyama cha pembeni: akikiondoa kwa daktari hana dhambi, na akikiacha hana dhambi, wala masala yake hayastahili mabaraza yanayofanyiwa.

Lililobaki ni udhuru wa nauli, nao si udhuru wa uongo. Mtu wa mlimani atauza mbuzi wawili na bado hajafika Moshi, na akifika atalala wapi na mkewe? Lakini watu wale wale wa mtaa wake, na watu wa pwani wasomao waraka huu ni katika wao, huchangia harusi mpaka ikachezwa siku tatu, na daftari la mchango huzungushwa nyumba kwa nyumba na kila mtu huandika jina lake kwa wino. Haijapata kusikiwa daftari la namna hiyo likizungushwa kwa ajili ya gumba la mtoto. Na jambo jingine la kuona haya: katika mabaraza haya yote ya wanaume, mama hakuulizwa. Fikihi haikumpa yeye uwalii mbele ya baba na babu, ni kweli. Lakini ni yeye aliyeona kwamba mtoto hashiki kidole chake kwa mkono wa kulia kama ashikavyo kwa wa kushoto, na daktari atakapouliza mkono ule wafanya nini na haufanyi nini, baba atageuka nyuma kumtazama mkewe. Kumshauri kabla ya safari ni bora kuliko kumgeukia mbele ya tabibu.

Ikiwa baba amekata shauri, na mtoto amelazwa, amepasuliwa, ameamka akilia kwa njaa, liko jambo dogo ambalo watu wengi hulisahau kwa furaha au kwa khofu. Ile nusu iliyoondolewa ni sehemu ya mwili wa mwanadamu aliye hai, na mwanadamu ana heshima. Katika madhehebu ya Shafii ni sunna kuizika. Baba na aseme na wenye hospitali mapema, kabla ya siku ya kupasuliwa, ili wamwekee. Haioshwi josho la maiti, wala haisaliwi, kwani mwenyewe yu hai. Hufungwa katika kitambaa safi, na kuchimbiwa shimo lenye kina ambacho mbwa hawezi kukifukua. Moshi yafaa, na akipenda kuirudisha Gonja yafaa vilevile.